Kipimo Kinachosalimia

Maisaka, Babati
4 Machi 2024

Kwa mliotengeneza taa hii,

Nawarudishia taa yenu pamoja na boksi lake. Haijaharibika. Inawaka vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu mtu aliyeweza kutengeneza mwanga mzuri namna hii angeweza pia kuufikiria mkono wa mwenzake.

Kitufe cha kuzimia mmekiweka chini ya mpini, pale pale kidole gumba kinapokaa mtu akiibeba. Nikienda kukamua alfajiri, ndoo mkono huu na taa mkono huu, hatua ya tatu inazima. Baba Blessing, mume wangu, siku hizi anaibeba kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa nje. Halafu kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaja: mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu vinatunga uzi kwenye sindano kutwa nzima, na nimekifungua kwa meno.

Sidai fedha zangu. Nataka mmoja wenu aibebe taa hii pamoja na ndoo iliyojaa, atembee hatua ishirini, halafu anijibu.

Simu ninayo, lakini kwenye simu watu hunikatiza kabla sijamaliza. Ndiyo maana naandika.

Antonia Baran (Mama Blessing)


Arusha
13 Machi 2024

Mama Blessing, shikamoo.

Naitwa Ramadhani, wengi huniita Rama. Mimi ndiye niliyeweka kitufe pale. Nimejaza ndoo nikatembea uani kwa karakana yetu, taa ikazima hatua ya nne. Nikarudia mbele ya wenzangu, ikazima hatua ya pili na maji yakaingia kwenye viatu. Barua yako imebandikwa ukutani juu ya meza yangu, na mtu akija na wazo jipya namwambia kwanza asome ile.

Nina ombi. Tuko watu tisa tu hapa, na sasa tunatengeneza kipima presha cha nyumbani kinachosema kwa sauti, kwa ajili ya wazee wasioona namba vizuri au wasiosoma. Kabla ya kutengeneza kitu chenyewe huwa tunatengeneza sampuli, tunawapa watu wazitumie, tunaangalia wanakwama wapi. Tatizo ni kwamba mpaka leo waliojaribu ni sisi wenyewe na ndugu zetu, na ndugu husema kizuri. Nahitaji jicho kama lako.

Kwenye boksi hili kuna sampuli ya kwanza. Usicheke. Ni kibao na karatasi ngumu, vitufe vimechorwa, ndani hamna kitu, na hakipimi chochote. Sauti ni wewe: mtu akigusa kitufe kilichochorwa, msomee mstari unaofuata kwenye karatasi niliyoambatanisha. Usimsaidie wala usimfundishe. Tazama, halafu niandikie.

Nikuambie na mambo yalivyo. Tarehe 28 Juni mkurugenzi anaagiza kalibu ya kumiminia plastiki, na sauti inachomwa kwenye chipu. Baada ya siku hiyo hakuna kinachobadilika, na vipima elfu mbili vitatoka vikiwa hivyo hivyo. Kikiwa na kosa, ni wazee elfu mbili watakaodanganywa kuhusu damu yao. Mkataba wangu nao unaisha siku hiyo hiyo, na nisipomaliza kazi hii vizuri sina pa kurudi.

Nakushukuru kwa kutuudhikia. Wengine wakiudhika hutupa tu kitu jalalani.

Mwanao,
Rama


Maisaka, Babati
6 Aprili 2024

Mwanangu Rama, marahaba.

Najua umefunga, kwa hiyo barua hii haitataja chakula.

Nimecheka, hata kama ulinikataza. Baba Blessing alipoona nimetumiwa kibao kwa basi kutoka Arusha aliuliza kama na mimi nimeanza kuchezea vitu vya watoto. Lakini jioni nilimkuta anakibonyeza mwenyewe.

Nimewajaribia watu wanane kwenye chumba changu cha kushonea. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Nakwa, Bibi Gaudiosa, mteja wangu wa miaka mingi. Nikamsomea kama ulivyoandika: "Funga mkanda. Bonyeza kitufe cha kijani. Kaa wima." Akaweka kibao chini, akanitazama.

"Antonia, tangu lini umeanza kuniamrisha? Hata shikamoo hujaniamkia."

Nikamwambia si mimi, ni mashine ndiyo inayosema.

"Mashine ya nani hiyo isiyo na adabu?"

Wa pili naye alinuna. Basi kuanzia wa tatu nikaongeza langu. Mtu akigusa kitufe, kwanza namwamkia shikamoo, namuuliza habari za nyumbani, ndipo naingia kwenye maneno yako. Uso wa mtu unalegea hapo hapo unapomtazama. Mzee Hamdani, anayeniuzia vitambaa pale karibu na soko, alikuja na haraka zake na saumu yake, akakaa mpaka mwisho, akaniuliza kitaanza kuuzwa lini. Kibao, Rama! Anataka kununua kibao.

Neno langu basi ni hilo: kisalimie. Mzee hapokei maagizo kutoka kwa mtu asiyemwamkia.

Na lingine dogo. Wazee wanakishika kwa mikono miwili kama sahani, na vidole gumba vinafunika kile kitufe chekundu. Wewe na vidole gumba mna ugomvi gani?

Siku njema ya Idi ikifika.

Mama Blessing


Arusha
22 Aprili 2024

Mama Blessing, shikamoo.

Barua yako nimewasomea wote. Miezi minne tumekaa na yale maneno, tumebishana kama tuseme "bonyeza" au "gusa", na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba tunawaamrisha wazee. Wewe umeliona kwa mtu wa kwanza. Faudhia, mwenzetu mwenye sauti nzuri, amesema angependa kukaa chini ya cherehani yako wiki moja ajifunze kutazama.

Sampuli ya pili ndiyo hii. Boksi limechapwa kwa plastiki tabaka juu ya tabaka, ukilipapasa utahisi mistari mistari, lakini ndani ni mashine kweli na inapima kweli. Ukibonyeza kitufe cha kijani, sauti ya Faudhia inasema, "Shikamoo. Habari za nyumbani?" halafu mkanda unaanza kujaa upepo. Kitufe chekundu nimekihamisha. Mimi na vidole gumba tumepatana.

Kaa na kila mtu, mtazame, uniandikie na namba zake.

Mwanao,
Rama


Maisaka, Babati
20 Mei 2024

Rama mwanangu,

Mmeshinda! Watu kumi na mmoja wamepimwa na wote wamekisifu. Bibi Gaudiosa amerudi mara tatu bila kuitwa. Mara ya pili alileta maziwa mtindi, akayaweka karibu na mashine, sijui ni ya nani kati yetu.

Kijana mmoja wa bodaboda aliingia kunichukulia mzigo, akataka kujaribu. Kilipomwamkia shikamoo aligeuka nyuma kuona ni mzee gani kaingia. Nikamwambia kaa, leo umekua.

Sikukaa nao kama ulivyoniagiza, unisamehe. Mtu akipimwa, humkodolei macho. Mwili wake ni wake. Namfunga mkanda, namvutia pazia, natoka na cherehani yangu barazani. Lakini nawasikia humo ndani wanavyoongea nacho na kucheka, na roho yangu inafurahi. Kuna wazee hapa mtaani hawajaulizwa habari za nyumbani tangu watoto wao wahame.

Namba nimeziandika kwenye karatasi ya nyuma. Kwa kweli zimenishtua. Kati ya kumi na mmoja, saba wako juu. Bibi Gaudiosa 159, Mzee Hamdani 168 kwa 98. Nilikuwa namwona mzima, anabeba majora ya vitambaa mwenyewe. Kumbe mji wetu unaumwa na tumekaa kimya.

Kijana kama wewe kukaa chini na kufikiria jambo hili mpaka kibao kikawa kitu kinachosema, mimi nasema hongera, na hongera nyingine kwa mama aliyekuzaa.

Mama Blessing


Arusha
27 Mei 2024

Mama Blessing, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Mkurugenzi amesoma barua yako kwa sauti mbele yetu sote, na alipofika kwenye mtindi akacheka mpaka akavua miwani. Amesema majaribio yamekwisha. Tarehe 28 Juni anaagiza kama kilivyo, na siku hiyo hiyo nitasaini mkataba wa miaka miwili. Nimempigia mama yangu simu Tanga, amelia.

Namba nimeziangalia. Mkurugenzi anasema hiyo ndiyo sababu ya kukitengeneza, watu wanaumwa hawajui. Na mimi nimekubali.

Mashine kaa nayo, ni yako. Haya yote ni kwa ajili ya salamu yako.

Mwanao,
Rama


Maisaka, Babati
10 Juni 2024

Rama,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Mzee Hamdani alipoambiwa 168 hakwenda zahanati. Alifunga duka saa nne asubuhi, akaenda nyumbani, akawaita watoto wake wawili: Mudy anayekaa Kondoa na Sele wa hapa hapa. Akawaambia saa yake imekaribia, akatoa wasia. Duka kampa Sele, nyumba kampa Mudy. Sasa, Mudy ndiye aliyekaa kwenye lile duka miaka tisa kabla hajahamia Kondoa. Alisimama, akaondoka bila kula.

Sele akambeba baba yake kwa nguvu mpaka kituo cha afya. Nesi akampima, akampumzisha, akampima tena. 136 kwa 84. Akarudia kesho yake, ile ile. Hana presha ya kumuua mtu.

Alikuja kwangu Jumatano. Sikujua niweke wapi uso. Akaniambia taratibu, "Mama Blessing, kifo hakijaja, ila watoto wangu wameshanijua. Sasa naishi na wasia wangu nikiwa hai."

Alipoondoka nikamwita Bibi Gaudiosa, na safari hii sikutoka. Nilikaa pembeni najifanya napinda sketi. Nakuandikia nilichokiona, neno kwa neno.

Mashine: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mashine: "Habari za nyumbani?"

Basi akaanza. Mvua za mwisho zilivyoozesha maharage. Ndama aliyekataliwa na mama yake. Mjukuu anayetaka kuolewa na mtu asiyejulikana kwao. Mkanda unajaa, unabana, na yeye anaongea. Mashine iko kimya kwa sababu inapima, na yeye anadhani inamsikiliza. Akanigeukia akasema, "Huyu binti anasikiliza kuliko wakamwana wangu wote." Mashine ikasema 157.

Nikamwomba turudie, nikamshika mkono, nikamwambia tukae tu wote wawili bila neno. Ikasema 131.

Nimewarudia wengine wanne. Hivyo hivyo. Nikaenda kumuuliza yule nesi, akasema ndiyo, mtu akiongea wakati anapimwa namba inapanda, ndiyo maana wao huwaambia wagonjwa watulie.

Kwenye kibao hatukuliona kwa sababu sauti nilikuwa mimi. Mtu akinijibu nilimngojea amalize, ndipo naendelea. Mashine haingoji mtu. Na nyuma ya pazia, nilipokuwa nafurahi kusikia wanacheka, ndipo uongo ulipokuwa unatengenezwa.

Salamu nilisema mimi. Pazia nilivuta mimi. Mwambie mkurugenzi kosa ni la Antonia wa Maisaka, na uchelewe kuagiza. Najua kilichoko mezani kwako tarehe 28. Nimeshika kalamu siku mbili nikiifikiria hiyo tarehe, na bado nimeandika.

Mama Blessing


Arusha
14 Juni 2024

Mama Blessing, shikamoo.

Kosa si lako, na sitakubali ulibebe.

Karatasi ya kitaalamu kuhusu kupima presha iko kwenye droo yangu. Mstari wa tatu unasema anayepimwa asiongee. Niliusoma mwaka jana. Sisi hapa tulipojipima tulinyamaza kwa sababu tulijua, na kwa kuwa tulinyamaza hatukufikiria kuna mtu atakayeongea. Na zile namba saba zilipokuja, mama, niliziona ni nyingi mno. Nilikaa nazo usiku mmoja. Lakini asubuhi yake mkurugenzi alikuwa ameshanisifu mbele ya watu, na nikaona vyema nisiulize. Mzee Hamdani ametoa wasia wakati mimi naongea na mama yangu kuhusu mkataba. Naona aibu kuliandika hili.

Nilipopata barua yako nilijifunga mkanda, nikajibu salamu ya Faudhia kama anavyojibu Bibi Gaudiosa, nikapanda pointi kumi na nane. Nikaipeleka barua kwa mkurugenzi. Akanisikiliza, akasema wazee wanakipenda, kwa hiyo tuongeze mstari kwenye karatasi ya maelezo: usiongee. Nikamkumbusha kwamba tunatengeneza kwa ajili ya wasiosoma. Akasema, "Basi nionyeshe kitakachowanyamazisha. Tarehe haisogei."

Kikitoka kama kilivyo sisaini. Nimeshaamua.

Nakutumia sampuli ya tatu. Ndani kuna sauti mbili: moja haisalimii kabisa, nyingine inasalimia halafu inasema, "Tafadhali usiongee mpaka nikuambie." Swichi ya pembeni inazima sauti zote, mashine ikapima kimya kimya, endapo utataka kuwa sauti mwenyewe tena. Mimi nimekwama. Wazee wenu wananyamaza kwa ajili ya nini, mama?

Rama


Maisaka, Babati
22 Juni 2024

Mwanangu Rama,

Kwanza nikuambie: barua yako ya aibu nimeisoma mara mbili, na heshima yako kwangu imepanda. Watu wazima wenye vyeo hawaandiki vile. Sasa tufanye kazi.

Ile isiyosalimia imeshindwa. Bibi Gaudiosa alibonyeza, akaona kimya, akakisalimia yeye. "Hujambo mama? Leo umenuna?" Na stori ya ndama ikaendelea kutoka pale tulipoiachia.

Ile ya "tafadhali usiongee" ni mbaya zaidi. Mmoja alijibu, "Sawa mwanangu, siongei," akakaa kidogo, akaongeza, "hata binti yangu wa Singida husema mimi naongea sana," na tukaingia Singida. Mzee Hamdani, ambaye amekuja kwa hiari yake kwa sababu anasema hawezi kuacha wenzake wauawe na salamu, aliposikia anaambiwa asiongee aliinua kichwa. "Nimekuja kupimwa, si kunyamazishwa." Hasira peke yake ilimpeleka 149.

Nilikata tamaa kabisa. Juzi nikaacha yote, nikatoka nje kwa sababu Baba Blessing alikuwa anapima mahindi ya mnunuzi. Unajua huku kwetu mahindi yanavyopimwa? Mtu anachota debe, anamimina kwenye gunia, anataja namba kwa sauti, akiirudia asiisahau: "La tatu... la tatu... la nne... la nne..." Jirani yetu mmoja akaingia getini, mzee anayependa salamu kuliko chai. Akaona mahindi yanahesabiwa. Akasimama pale pale, mkono umeinuliwa nusu, mdomo umefunga. Simu ya mnunuzi ikalia, akaizima. Mimi mwenyewe nilikuwa na neno la kumwambia mume wangu na nimelishika mdomoni. Mpaka gunia likafungwa kamba ndipo jirani akasema, "Haya, hamjambo wa hapa?"

Nilimwacha amesimama, nikakimbia ndani. Hata salamu yake sikuipokea, na nitaenda kumwomba radhi.

Rama, anayehesabu hakatizwi! Hakuna anayemfundisha mtu hilo. Ukimkatiza anasahau, na mnaanza upya, na kosa ni lako.

Nikazima sauti kwa ile swichi, nikakaa nyuma ya pazia, nikawa sauti tena, ila sasa nimeshajifunza. Nikamwamkia mtu, nikamuuliza habari za nyumbani, nikamwacha amalize mpaka pumzi yake ikatulia. Halafu nikasema, "Ukiwa tayari bonyeza tena, nianze kuhesabu." Akibonyeza, mashine inapima, na mimi nahesabu polepole: moja, mbili, tatu. Huwa inamaliza kwenye arobaini hivi.

Watu wanane, na hakuna aliyetoa neno. Bibi Gaudiosa alikuwa anahesabu pamoja nami kwa midomo tu, bila sauti. Mzee Hamdani, mkewe Bi Amna alitokea mlangoni kumwuliza funguo, akamwinulia kidole asubiri. Sikumwambia mtu hata mmoja anyamaze. Namba ziko nyuma, na nesi alikubali kuja, akawapima wote tena kwa mashine yake. Namba zake zinafuatana na zako, tofauti ni mbili au tatu.

Barua na mashine nimezituma kwa basi la asubuhi ili uwahi. Kimbia.

Mama Blessing


Arusha
29 Juni 2024

Mama yangu Antonia, shikamoo.

Faudhia alirekodi kuhesabu siku ile ile niliyopata boksi. Mara ya kwanza alihesabu kama mtu anayesoma habari, nikamwambia hapana, hesabu kama mtu anayemimina debe. Akaelewa.

Alhamisi nikaingia ofisini kwa mkurugenzi na mashine mbili. Akasema ana dakika kumi, na kwamba ameshaelewa habari ya kuongea, hana haja ya kuonyeshwa. Nikamwomba tu mkono wake. Nikamfunga ile ya zamani, nikabonyeza.

"Shikamoo," ikasema.

"Marahaba," akasema mkurugenzi.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila mtoto ana—" Akanyamaza, akanitazama. Faudhia aliyekuwa mlangoni alishindwa kujizuia kucheka. Mashine ikasema 151.

Nikamfunga mpya. Akajibu salamu, akatulia, akabonyeza mwenyewe, na sauti ikaanza kuhesabu. Kwenye ishirini na moja dereva wake akafungua mlango kumwambia gari iko tayari. Mkurugenzi, bila kugeuka, alimwinulia kiganja. Dereva naye akasimama mlangoni pale pale, kofia mkononi, mpaka arobaini na mbili. Ikasema 129.

Akaufungua mkanda mwenyewe. Halafu akauliza, "Nani kalifikiria hili?" Nikamsomea barua yako, kuanzia kwa jirani mwenye mkono ulioinuliwa nusu. Aliandika kwenye fomu ya kuagiza: sauti mpya. Jana imechomwa kwenye chipu. Mkataba nimesaini.

Mama, nimesoma mambo haya chuoni. Nimefundishwa kuchora, kupima, kuuliza maswali ishirini kwenye fomu. Kuna watu huko duniani wanalipwa vizuri kwa kutazama wengine wakibonyeza vitufe. Sijui kama yupo mmoja kati yao ambaye angetoka nje kupima mahindi akarudi na jibu, na kabla ya hapo awe ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba wazo lake la kwanza, lililosifiwa na watu wote, lilikuwa kosa. Mimi nilikuwa na droo iliyojaa ukweli na sikuifungua. Ninakuheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Vya kwanza vitatoka Septemba. Kimoja ni chako, kingine mpelekee Mzee Hamdani na salamu zangu. Mudy vipi?

Mwanao,
Rama


Maisaka, Babati
19 Septemba 2024

Rama mwanangu,

Maboksi yamefika salama. Plastiki laini, haina mistari, na vidole gumba vyote vina pa kukaa. Nimekizungusha mkononi nikitafuta la kulalamikia. Kifuniko cha betri kinakaza kidogo. Nimefurahi kulipata hilo, maana ningeonekana nimezeeka.

Mzee Hamdani amekiweka dukani juu ya meza ya kukatia vitambaa, anapima wateja. Mudy alikuja wiki chache baada ya Idi ya kuchinja, wakakaa wawili kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na duka sasa ni lao wote, yeye na Sele. Hawajawa kama zamani, lakini wanakula pamoja.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Tangu kibao kile cha kwanza nimewafunga mkanda watu, sijui arobaini, sijui hamsini. Mkono wangu mwenyewe sijawahi kuufunga hata siku moja. Kila nilipokuandikia namba za watu, zangu hazikuwemo, na hukuuliza. Nilijiambia mimi ndiye fundi, si mgonjwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Jumapili baada ya misa, Baba Blessing akiwa bado njiani, nilikaa kwenye kiti cha wateja nikajifunga. Faudhia akaniamkia. Nikampa habari zote za nyumbani, na sikuzificha. Nilipomaliza nikabonyeza, naye akahesabu. Ikasema 174 kwa 102.

Nilirudia mara mbili, nikitafuta kosa lenu kama kawaida yangu. Jumatatu nikaenda kituo cha afya, nesi akapata 172. Amesema figo zangu bado hazijaguswa, na kwamba nimewahi. Vidonge nameza kila asubuhi kabla ya kukamua, na Baba Blessing ananisimamia kama askari.

Ingekuwa ni ile mashine ya Mei, ile tuliyoisifu wote, ningecheka, ningesema ni salamu tu inapandisha. Nisingekwenda popote. Lakini hii haikuniachia la kujitetea, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza.

Mama yako,
Antonia